TV ya Bei ya Juu: Lini Nyongeza Inalipa? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukiingia dukani Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, utakuta TV mbili za inchi 55, zote zimeandikwa 4K, moja bei yake mara mbili au hata mara tatu ya mwenzake. Muuzaji atakuambia ya ghali ni nzuri zaidi, na kwa kawaida hadanganyi. Kinachobaki ni kujua kama uzuri huo utafika sebuleni kwako. Hilo hutegemea mambo matatu, kwa mpangilio huu: picha unayoiingiza kwenye TV, mwanga wa chumba, na umeme wa nyumba.

Ikiwa zote ni 4K, ya ghali ina nini zaidi?

Pikseli, yaani nukta zinazounda picha, ni zilezile: 3840 kwa 2160, takriban milioni 8.3. Pesa ya nyongeza inanunua taa.

Kioo cha LCD hakitoi mwanga. Kinafanya kazi kama pazia mbele ya taa ambazo mafundi huziita baklaiti. Kwenye TV ya bei nafuu, taa hizo ni chache, zimepangwa kwenye vipande vyembamba nyuma ya kioo au pembeni mwake, na zote huwaka kwa pamoja. Pazia halifungi kabisa, kwa hiyo mwanga huvuja na nyeusi inakuwa kijivu. Zima taa za chumba utazame filamu yenye matukio ya usiku: utaona ukungu skrini nzima na nyuso hazisomeki.

Ukipanda bei, taa hugawanywa katika maeneo, na kila eneo huweza kufifia peke yake. Mini LED ni hatua ya mbele ya wazo hilo: taa ndogo sana, nyingi, zenye maeneo mamia au hata maelfu. Nyota angani zinang'aa huku anga likibaki jeusi, isipokuwa ukungu mdogo kuzunguka kitu chenye mwanga.

OLED haina baklaiti. Kila pikseli hujiwakia na kujizimia, hivyo nyeusi yake ni nyeusi ya kweli. Pia rangi hazipauki ukikaa upande, jambo lenye maana kwenye sebule ambayo makochi yamezunguka kuta tatu.

QLED na OLED si kitu kimoja?

Hapana, na herufi hiyo moja imewaponza wanunuzi wengi. QLED ni LCD ya kawaida yenye baklaiti, iliyowekewa utando wa chembechembe zinazoboresha rangi. Kuna QLED za bei nafuu zisizo na hata eneo moja la kufifisha taa. Kwa hiyo usiulize "ni QLED?" Uliza "ina maeneo mangapi ya kufifisha taa?" Muuzaji asipojua, chukua namba kamili ya modeli iliyo kwenye stika ya nyuma, uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla hujatoa pesa.

Natazama Azam, DStv au StarTimes tu. Nitaona tofauti?

Utaiona, lakini ndogo kuliko uliyoiona dukani. Video ya maonyesho dukani ni 4K safi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kituo cha kawaida cha SD, yaani cha ubora wa chini ya HD, kina pikseli 720 kwa 576. Skrini ya 4K ina pikseli mara 20 ya hizo, maana yake katika kila pikseli 20 unazoziona, 19 zimebuniwa na TV. Kituo cha HD cha 1080 kinaleta robo ya pikseli, na TV inajaza robo tatu. TV ya bei ya juu ina prosesa inayobuni vizuri zaidi, lakini hakuna prosesa inayorudisha namba ya jezi ambayo haikurushwa.

Kabla hujaongeza hata shilingi, angalia nyuma ya king'amuzi chako. Kama kimeunganishwa kwa waya za njano, nyekundu na nyeupe, unatazama SD hata ukiwa umelipia kifurushi chenye vituo vya HD. Weka waya wa HDMI, ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, sehemu ya picha, uchague 1080i badala ya 576. Wengi wanaodhani TV yao imechoka wanatibiwa na waya huo.

Kwa mpira, faida ya paneli nzuri, yaani kioo chenyewe cha TV, ipo kwenye majani. Kamera inapokimbia na winga, paneli dhaifu huonyesha mistari na madoa ya kivuli yanayobaki palepale huku uwanja ukipita, na mpira huacha mkia. OLED haina tatizo la mkia kwa kiasi cha kusumbua, na kijani chake kwa kawaida ni sawasawa zaidi. Mtu anayetazama mechi nne kwa wiki atalipenda hilo hata kwenye kituo cha HD. Anayetazama taarifa ya habari na tamthilia hatapata kitu cha kumlipa.

Vipi nikitazama Netflix na YouTube?

Hapa ndipo pesa inapoanza kurudi, mradi mambo mawili yatimie. La kwanza ni kifurushi: Netflix hutoa 4K kwenye mpango wa Premium pekee. La pili ni intaneti. Netflix yenyewe inapendekeza kasi ya Mbps 15 au zaidi kwa 4K, na saa moja ya 4K hula hadi GB 7. Filamu ya saa mbili ni GB 14. Mwenye faiba isiyo na kikomo hatahisi kitu. Anayenunua bando la simu na kurushia TV kwa hotspoti atashusha ubora mwenyewe ndani ya wiki ya kwanza, na akishaushusha, sehemu kubwa ya alicholipia inalala.

Jihadhari na TV za majina yasiyojulikana zilizowekewa Android isiyoidhinishwa. Zina alama ya Netflix kwenye rimoti, ila hazina kibali cha ulinzi wa video, kwa hiyo picha huletwa kwa ubora wa chini hata kama kioo ni 4K. Mifumo ya Google TV, Tizen, webOS na VIDAA kutoka kwa watengenezaji halisi haina shida hiyo.

Boksi limeandikwa HDR. Inatosha?

HDR ni picha yenye tofauti pana zaidi kati ya mwanga na giza. Neno hilo kwenye boksi linamaanisha tu kwamba TV inaweza kuipokea ishara hiyo. Kuionyesha ni kazi nyingine. Filamu za HDR mara nyingi hutayarishwa kwa mwanga wa kilele wa niti 1,000 (niti ni kipimo cha mng'ao wa skrini), na nyingine niti 4,000. TV nyingi za bei nafuu huishia kwenye niti 250 hadi 350, tena bila kufifisha maeneo. Matokeo yake HDR inaonekana giza kuliko picha ya kawaida, na watu huizima wakidhani ni mbovu.

Tunapopima, tunaanza kuita HDR yenye maana pale TV inapofika niti 600 na ina maeneo ya kufifisha taa. Mini LED nyingi hupita 1,000. Kuhusu majina ya aina za HDR: HDR10 ipo karibu kila mahali, Dolby Vision utaikuta LG, Sony, TCL na Hisense, lakini Samsung hawaiweki, wao hutumia HDR10+. Usikatae TV nzuri kwa sababu hiyo peke yake.

Sebule yangu ina madirisha makubwa na jua linaingia. OLED itafaa?

Chagua Mini LED. Mchana wenye jua la pwani, faida ya nyeusi ya OLED inafunikwa na mwanga wa chumba, na unachohitaji ni skrini yenye nguvu ya kushindana na dirisha. OLED huonyesha uwezo wake jioni, taa zikiwa hafifu. Usiiweke TV yoyote ikitazamana na dirisha, na pazia zito ni rahisi kuliko niti mia tano za nyongeza.

Inchi 65 ya kawaida au inchi 55 ya bei ya juu kwa pesa ileile?

Pima kwanza kutoka kochi hadi ukutani. Jicho lenye afya huanza kushindwa kutenganisha pikseli za 1080 kwenye inchi 55 ukiwa mbali zaidi ya mita 2.2 hivi. Kwa inchi 65 ni kama mita 2.6, kwa inchi 43 ni mita 1.7. Ukikaa mbali zaidi ya hapo, 4K na HD zinafanana, na ukubwa ndio utakaouhisi zaidi kuliko ubora. Kwenye sebule nyingi kochi liko mita 3 au zaidi.

Hivyo: umbali wa mita 3 na mpira ndio tamasha la nyumba, chukua 65. Umbali wa mita 2, filamu za usiku, watu wawili watatu, chukua 55 nzuri. Na kama ni 65 dhidi ya 75, kumbuka mlango, ngazi na ukuta: zaidi ya inchi 65, kubeba na kutundika ni kazi ya watu wawili.

Na 8K?

Achana nayo. Pikseli ni milioni 33, na hakuna king'amuzi cha huku kinachorusha chochote cha kuzijaza.

Nahitaji 120 Hz?

Hz ni mara ngapi picha hubadilika kwa sekunde. Kama una mashine ya gemu ya PS5 au Xbox Series X na unacheza kweli, ndiyo. Hakikisha tundu la HDMI linapokea 4K kwa 120 Hz, na uhesabu matundu hayo. TV nyingi zina matundu manne, ila mawili tu ndiyo ya kasi hiyo, na mara nyingi moja kati ya hayo mawili ndilo tundu la eARC linalotakiwa na spika ya nje. Wenye mashine mbili za gemu hukwama hapo.

PS4 haifiki 120 Hz, kwa hiyo usiilipie kwa ajili yake. Pia usisome namba kubwa za "mwendo" zenye jina la kibiashara mbele yake. TV inaweza kuandikwa 120 au 240 wakati paneli yenyewe ni 60 Hz. Tafuta neno linalotaja kasi halisi ya paneli.

Umeme wa kwetu hukatika-katika. Ni busara kuweka TV ya mamilioni?

Ni busara, ukitenga sehemu ya bajeti kwa ulinzi. TV za sasa nyingi hukubali volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme mdogo hauziui haraka. Hatari ni mambo matatu.

La kwanza ni mshtuko umeme unaporudi. TV guard yenye kuchelewesha hukata, husubiri umeme utulie, ndipo huruhusu. La pili ni waya wa nyutro kukatika kwenye nguzo au kwenye mita: nyumba iliyozoea volti 230 inaweza kupata karibu 400, na kila kitu kilichochomekwa kinaungua. Chagua kifaa kinachokata volti zikizidi, maana ekstensheni yenye taa nyekundu pekee hailindi kitu. La tatu ni radi. Hiyo huingia pia kwa waya wa dishi na wa antena, kwa hiyo mvua ya radi ikianza chomoa vyote, pamoja na waya wa intaneti kama upo.

OLED ina jambo lake la ziada ambalo maduka hayalitaji. Baada ya kama saa 4 za matumizi, hujifanyia marekebisho ya pikseli ikishazimwa kwa rimoti. Hiyo inahitaji umeme. Nyumba nyingi huzima swichi ya ukutani kila usiku, na TV inayokatwa hivyo kila siku haipati nafasi ya kujirekebisha, na alama za picha zilizokaa sana zinajijenga. Zima kwa rimoti, iache angalau dakika 15, kisha ukitaka zima ukutani. Mahali ambapo umeme hukatika kila jioni na hakuna betri ya akiba, tunashauri Mini LED.

Kuhusu uniti: TV ya wati 100 ikiwaka saa 5 kwa siku hula nusu uniti, yaani uniti 15 kwa mwezi. Mini LED inayong'aa sana inaweza kufika wati 200, uniti 30. Kwa aliyeko kwenye tarifu ya matumizi madogo ya TANESCO, ya hadi uniti 75 kwa mwezi, tofauti hiyo ni ya kuhesabiwa.

OLED huungua alama za vituo?

Huweza. Nembo ya kituo pembeni na utepe wa habari chini, vikikaa palepale saa nyingi kila siku kwa miezi, huchakaza pikseli hizo kuliko wenzake. Kwa familia inayobadilisha vituo, filamu na gemu, si jambo la kukosesha usingizi. Kwa saluni, mgahawa, mapokezi ya hoteli au nyumba ambayo kituo kimoja cha habari hukesha, usinunue OLED. Soma karatasi ya dhamana pia: mara nyingi alama hizi hazimo.

Ikiharibika, fundi ataiweza?

Hapa TV ya kawaida inashinda. Ugonjwa wake mkubwa ni baklaiti: sauti ipo, picha hakuna. Zima taa, umulike kioo kwa tochi ya simu kutoka karibu. Ukiona picha hafifu inacheza, kioo ni kizima na taa za nyuma zimekufa. Taa zimeungwa kwa mfuatano, moja ikifa mstari mzima huzimika. Fundi hubadilisha seti nzima ya vipande, usikubali abadilishe taa moja, kwa sababu zilizobaki zimechoka vilevile. Vidoa vyeupe vya mviringo ni lenzi zilizobanduka juu ya taa, navyo hutibika.

Kazi yenyewe ni ya hatari kwa sababu kioo lazima kiinuliwe, na kingo zake zina riboni nyembamba. Moja ikilegea unapata mstari wa wima usiofutika. Kinga ni kupunguza baklaiti hadi 60 au 70 badala ya kuiacha 100 ilivyotoka dukani. Joto na mkondo mkubwa ndivyo vinavyoua taa.

Kwenye OLED hakuna baklaiti ya kubadilisha. Bodi ya pawa au ya matundu hupatikana, lakini paneli ikifa au kupasuka, bei yake hukaribia TV mpya. Nyumba yenye watoto wanaorusha vitu ilizingatie hilo kuliko niti zote. Kwa Mombasa, Tanga na Zanzibar ongeza chumvi ya hewani inayokula viungio vya bodi: tundika mbali na dirisha la upande wa bahari. Mijusi huingia matunduni kufuata joto na kusababisha shoti. Pulizia dawa ukutani TV ikiwa imeondolewa au imefunikwa, kamwe si juu ya skrini, na usizibe matundu ya hewa.

Ndugu yangu ataniletea kutoka Dubai au Marekani. Nitaokoa?

Ya Ghuba inaendana na umeme wetu. Ya Marekani isomwe nyuma kwanza: kama imeandikwa 110-120V tu, itahitaji transfoma, na kipokezi chake cha antena ni cha mfumo wa ATSC, hakitashika matangazo ya antena ya huku, yaliyo ya mfumo wa DVB-T2. Ya Japani ina shida kama hizo. King'amuzi na intaneti vitafanya kazi kwa HDMI na Wi-Fi. Dhamana kwa kawaida haivuki mpaka, kwa hiyo punguzo linapaswa kuwa kubwa kiasi cha kubeba hatari ya kutotengenezewa bure, pamoja na ushuru na paneli kupasuka njiani.

Nihesabuje kama nyongeza inalipa?

Tuseme ya kawaida ni shilingi 1,200,000 na ya juu ni 3,000,000. Tofauti ni 1,800,000. Ukiitumia miaka 6, ni 300,000 kwa mwaka, au 25,000 kwa mwezi. Sasa jiulize: 25,000 hiyo kila mwezi ingekupa nini kingine? Kama ingekuvusha kutoka bando la simu hadi faiba, au kutoka kifurushi cha SD hadi cha HD, anza na hivyo. Kama ungenunua spika ya nje, sikiliza kwanza spika za TV unayoitaka. TV nyembamba, hata za ghali, nyingi zina sauti nyembamba.

Kwa wengi tunapendekeza tabaka la kati: Mini LED za madaraja kama Hisense U7 au TCL C8. Hapo ndipo shilingi inanunua tofauti kubwa kuliko mahali pengine. Kutoka hapo kwenda juu kabisa unalipa sana kwa nyongeza ndogo. Na usione haya kununua modeli ya mwaka uliopita. Watengenezaji wengi hutangaza mpya kila mwaka, na za zamani hushuka bei huku kilichobadilika mara nyingi ni kidogo.

Dukani nipime nini?

Nenda na flashi yenye video yako: dakika chache za mechi, tukio la usiku, na picha ya kijivu tupu inayojaza skrini. Omba TV itolewe kwenye hali ya duka. Kwenye kijivu, tafuta madoa na mistari. Kwenye tukio la usiku, angalia pembe nne kama mwanga unavuja. Simama upande, nyuzi 45 hivi, uone kama rangi zinapauka. Kisha fungua mipangilio, uthibitishe namba ya modeli inalingana na ya stika na ya boksi. Kama muuzaji hakubali flashi, nenda duka la jirani.

Nimeinunua. Nianze wapi?

Chagua hali ya filamu badala ya ile kali ya rangi, shusha ukali wa kingo karibu na sifuri, punguza ulainishaji wa mwendo, na kwa tundu la mashine ya gemu washa ishara iliyoboreshwa ya HDMI, kwa sababu mara nyingi huja ikiwa imezimwa na PS5 haitafika 120 Hz bila hiyo. Boksi na vipande vyake vya foamu vitunze mpaka dhamana iishe. Paneli ya OLED ikisafirishwa bila boksi lake, au ikilazwa, hupasuka kwa mgandamizo mdogo tu.